Ufunguo Umekabidhiwa, Ujuzi Je?

Hotuba kwa maofisa utumishi, makarani wa masijala, wasimamizi wa vituo na viongozi wa vyama vya ushirika, Chake Chake, Pemba

Assalaam alaykum. Waheshimiwa wakuu wa taasisi, mabibi na mabwana, ndugu zangu wa masijala na wa maghala.

Chukueni hati yoyote ya makabidhiano iliyomo kwenye majalada yenu muisome. Mtakuta meza moja, viti viwili, kabati la chuma, muhuri, funguo saba, pikipiki na kofia yake. Mkabidhi katia saini, mkabidhiwa katia saini, shahidi katia saini, nakala tatu. Hakuna mstari unaosema kwamba koki ya kuelekea mtaa wa juu hufunguliwa nusu kwanza, ikaachwa robo saa hewa itoke kwenye bomba, ndipo ikamaliziwa. Hakuna unaosema kwamba ripoti ya robo mwaka hukwama kila mara kwenye hesabu za mafuta, kwa kuwa risiti hukaa kwa dereva na si kwa mhasibu. Mzee anayestaafu anaondoka Ijumaa. Jumatatu vitu vyote vipo, na kazi haiendi.

Linaloniuma ni kwamba msiba huu unajulikana siku yake. Maradhi huja ghafla, uhamisho nao huweza kuja kwa barua ya wiki mbili. Lakini umri wa kustaafu kwa lazima ni miaka 60, na tarehe ya kuzaliwa ya kila mtumishi imo kwenye jalada lake tangu siku aliyoajiriwa. Hakuna ofisi inayoweza kusema ilishtukizwa.

Nitazungumzia karafuu kwanza, maana katika ukumbi huu hakuna asiyeijua. Karafuu ikishachumwa na kuchambuliwa, ikatengwa na makonyo yake, yaani vijiti vya vishada, inatakiwa ianikwe. Ikilala usiku imerundikwa, inapata joto, inachacha, na hata ikija kukauka inatoka imepauka, haina ule wekundu wa kahawia. Kilo tatu mbichi kwa kadiri hutoa kilo moja kavu, kwa hiyo mwenye kuuza gunia lisilokauka vizuri anauza maji. Sasa mtazameni karani mzoefu wa kituo cha kununulia. Hachukui za juu ya gunia. Anapenyeza mkono mpaka katikati. Anakamata konzi moja na kuibana: zilizokauka huchoma kiganja, zenye maji hulala. Anachukua moja anaikunja kwa ukucha wa dole gumba: kavu hukatika kwa mlio, mbichi hupinda. Ananusa, anaangalia makonyo yaliyosalia, anasema "haya" au "karudishe juani". Yote hayo kwa pumzi mbili au tatu. Muulizeni anajuaje. Atakwambieni, "Nimezoea tu."

Msimdhanie uchoyo. Jibu lile ni la kweli. Ujuzi wake umo mkononi na puani, haujawahi kupita mdomoni, na ukimpa karatasi aandike ataandika mistari mitatu ambayo kila mtoto wa Pemba anaijua. Hapo ndipo juhudi nyingi za kuhifadhi ujuzi zinapokufa: tunamwendea mjuzi na fomu, anaijaza kwa adabu, tunaifungia kabatini, na tunaamini tumehifadhi.

Kampuni ya Matsushita ya Osaka, Ujapani, iligonga ukuta huo huo katika miaka ya 1980 ilipokuwa ikitengeneza mashine ya kuokea mkate nyumbani. Mkate ulitoka ganda limeungua na ndani mbichi. Wahandisi wakapiga eksirei donge la mashine na donge la mwokaji hodari, wakalinganisha, hawakuambulia kitu. Mtaalamu wao wa programu, Ikuko Tanaka, akaenda kujifunza kukanda kwa mwokaji mkuu wa hoteli moja ya mji huo. Akiwa pale, mikono yake kwenye unga, akaona kwamba yule bwana alikuwa akilivuta donge na huku akilipinda. Mwokaji mwenyewe hakuwahi kulisema hilo. Wahandisi wakatia mbavu ndani ya chombo cha mashine ili donge lipindwe vivyo hivyo, na mkate ukatoka unavyotakiwa.

Kwa hiyo karani wa karafuu msimpe fomu. Mpeni chupa 20 za kioo zenye vifuniko. Ajaze sampuli: zilizokauka sawasawa, zenye maji kidogo, zenye maji mengi, zilizochacha, zenye makonyo, za mchanganyiko. Kila chupa ipimwe unyevu kwa kipimo, namba iandikwe chini ya chupa, isionekane. Mwanagenzi, yaani anayejifunza kazi, azipitie zote kwa mkono na pua, atoe hukumu ya kila moja kwa sauti, mzee naye atoe yake baadaye, ndipo chupa zigeuzwe. Mahali wanapotofautiana ndipo penye somo, na hapo mzee atajikuta anasema maneno ambayo hajawahi kuyasema: "Hii inanuka jasho," "hii imekatika lakini haikulia." Maneno hayo ndiyo ya kuandikwa. Rudieni kila wiki mpaka mwanagenzi apate 18 katika 20 mara tatu mfululizo. Sampuli zibadilishwe kila zoezi, maana karafuu ndani ya chupa inayofunguliwa mara kwa mara hunyonya unyevu wa hewa, na mwanagenzi naye hukariri chupa badala ya karafuu.

Nani ashike kalamu? Mwanagenzi. Nalitilia mkazo hili kwa kuwa karibu kila mahali hufanywa kinyume. Mjuzi akiandika, huruka hatua, si kwa kuficha, bali kwa sababu kwake zimekuwa kama kupumua. Anaandika "washa mtambo" wakati kabla ya kuwasha kuna mambo manne anayoyafanya bila kufikiri. Anayejifunza huona kila kitu, maana kila kitu ni kigeni kwake. Basi aandike yeye, siku ile ile, kisha amsomee mzee kwa sauti. Mzee atasahihisha. Siku ya tatu mpeni karatasi hiyo mtu wa tatu asiyeijua kazi, aifuate neno kwa neno huku wote wawili wamenyamaza. Atakaposimama na kuuliza, hapo pana shimo.

Mzee naye aulizwe vizuri. Ukimuuliza "kazi hii hufanywaje?" atakupa kanuni, na kanuni tunayo. Muulize juu ya siku moja: mara ya mwisho mtambo uliposumbua, uliona nini kwanza? Au ulisikia? Ulidhani ni nini, kabla hujajua? Mgeni angekosea wapi? Gary Klein wa Marekani alitumia maswali ya namna hii kwa makamanda wa zimamoto kuanzia miaka ya 1980, watu waliokuwa wakiamua kwa sekunde na kusema hawakuamua chochote. Walipotembezwa ndani ya tukio moja, dakika kwa dakika, dalili zikatoka: rangi ya moshi, sakafu kuwa laini chini ya mguu. Saa moja ya maswali hayo, simu ikirekodi kwa idhini ya mwenyewe, hutoa mengi kuliko mwongozo wa kurasa 40. Lakini rekodi isiachwe kama ilivyo. Sauti ya saa nzima hakuna atakayeisikiliza tena. Itolewe humo kurasa mbili, za Kiswahili.

Kuna suala la mpangilio wa kufundisha. Jean Lave, mtafiti wa Marekani, aliwachunguza mafundi cherehani wa Monrovia, Liberia, katika miaka ya 1970. Wanagenzi pale hawakuanza na kukata kitambaa, ingawa nguo huanza na kukata. Walianza na kutia vifungo, kupiga pasi na kumalizia nguo iliyokwisha shonwa. Halafu kushona. Kukata kulikuja mwisho. Sababu ni nyepesi: kifungo kikikaa upande unakifungua, lakini kitambaa kikikatwa vibaya kimekwenda. Na mwanagenzi aliyeshika nguo mia zilizokamilika anajua kile anachokielekea kabla hajashika mkasi. Wazee wetu wa ushonaji na useremala hawatashangaa kusikia hayo. Ofisini tunafanya kinyume: mhasibu mpya anapewa hati tupu ya malipo siku ya kwanza. Mpeni kwanza hati 50 zilizokwisha kulipwa na kukaguliwa, azipange, aziunganishe na risiti zake, atafute zenye kasoro. Wiki inayofuata aandike chache zikaguliwe. Kuidhinisha kuje mwisho.

Muda wa kukabidhiana uwe miezi 12, si mitatu. Najua mitatu ndiyo mazoea. Lakini zipo kazi zinazokuja mara moja kwa mwaka: kufunga hesabu Juni 30, msimu wa karafuu, kusafisha mitaro kabla ya masika, kufungua skuli. Mwanagenzi wa miezi mitatu anaachiwa kazi ambazo hajawahi kuziona zikifanywa. Miezi 12 kabla, mrithi ateuliwe kwa barua, barua iingie kwenye jalada lake, maana mtu aliyetajwa kwa mdomo hana haki ya kuuliza wala wajibu wa kujua. Nusu ya kwanza anatazama na kuandika. Kuanzia mwezi wa saba anafanya yeye, mzee amesimama pembeni. Miezi mitatu ya mwisho anafanya peke yake na mzee yuko chumba cha pili. Na mwezi wa mwisho kabisa, mzee apewe likizo ya wiki mbili, simu yake ya kazi ikabidhiwe ofisini. Kila swali ambalo ofisi itatamani kumpigia liandikwe kwenye daftari. Akirudi, daftari lile ndilo ratiba ya siku zake zilizobaki. Sijaona kipimo kingine kinachoonyesha kwa usahihi kama huo kile ambacho hakijakabidhiwa.

Nifike kwenye jambo ambalo huwa tunalikwepa mikutanoni. Watu huzuia ujuzi, na wana sababu. Mtu ambaye ndiye pekee anayeijua mashine haguswi; akimfundisha mwenzake amevua ngao yake. Anayekwenda semina Dar es Salaam hurudi na makabrasha yakalala kwenye droo, kwa kuwa akiyagawa, safari ijayo atapelekwa mwingine na posho itakwenda kwa mwingine. Kumhubiria mtu huyu uzalendo ni kumwonea. Badilisheni hesabu yake. Tathmini ya mwaka iwe na swali moja lenye uzito: nani anaiweza kazi yako leo ambaye mwaka jana alikuwa haiwezi? Jina litajwe, na mtajwa aifanye kazi hiyo mbele ya msimamizi. Anayerudi semina asidaiwe ripoti. Adaiwe kufundisha jambo moja, kwa vitendo, kwa wenzake watatu, ndani ya siku saba. Asiyefanya, zamu yake ya safari inaruka. Na mzee anayestaafu akifundisha, aitwe mkufunzi kwa barua na alipwe kwa hiyo kazi, kwa kuwa ni kazi.

Wengine watasema dawa ni kuandika kila kitu. Usiku wa tarehe 6 Julai 1988, katika Bahari ya Kaskazini, jukwaa la mafuta na gesi liitwalo Piper Alpha liliripuka na watu 167 wakafa. Mchana wake pampu moja kati ya mbili ilikuwa imesimamishwa kwa matengenezo, na vali yake ya usalama imetolewa. Mahali pake pakafungwa bamba la chuma. Karatasi ya kibali cha kazi ya vali iliandikwa. Lakini ilikaa mbali na kibali cha pampu, na zamu ilipopokezana hakuna aliyeitaja kwa mdomo. Usiku pampu ya pili ikazima. Wa zamu wakaangalia kibali cha pampu ya kwanza, wakaona haina tatizo la kuzuia, wakaiwasha. Gesi ikatoka kwenye bamba. Ripoti ya uchunguzi ulioongozwa na Lord Cullen ilitoka mwaka 1990 ikiwa na mapendekezo 106, na kupokezana zamu na vibali vya kazi vilikuwa katika kiini chake.

Karatasi ilikuwepo. Kupokezana kunataka vitu vitatu pamoja: kilichoandikwa, kilichosemwa, na anayepokea kukirudia kwa maneno yake. Na kufanyike penye kazi. Wauguzi wapokezane kitanda kwa kitanda, si ofisini kwa dada mkuu. Waendeshaji wa mitambo ya maji wapokezane mbele ya paneli, mkono ukigusa koki inayotajwa. Penye koki iliyofungwa kwa sababu maalumu, itundikwe kadi nyekundu yenye tarehe, jina na sababu, na asiitoe isipokuwa aliyeitundika au aliyekabidhiwa kwa jina. Dakika kumi zinatosha, lakini dakika hizo ziwe ndani ya saa za kazi za wote wawili. Zamu ya mmoja ikiisha saa mbili kamili na ya mwengine ikaanza saa mbili kamili, mmeshaamua kwamba hawatazungumza.

Masijala. Naomba makarani wanisikilize hapa. Jalada la zamani lilikuwa na folio, yaani karatasi za jalada, zenye namba kwa mfuatano, na dokezo kila ofisa alipolipitisha: nani kasema nini, lini, kwa nani. Aliyehamia leo aliweza kusoma hoja ya miaka kumi kwa saa moja. Leo uamuzi unatolewa kwenye kikundi cha WhatsApp saa nne za usiku, kwa ujumbe wa sauti, na kesho yake umezikwa chini ya salamu na taazia. Ujumbe wa sauti hautafutiki kwa neno. Simu ikianguka baharini kwenye boti, au mwenyewe akihama, kumbukumbu imekwenda naye. Simwambii mtu aache simu. Kuuliza na kujibu kwa haraka ni faida kubwa, hasa kwa walio Micheweni na Kisiwa Panza. Lakini kila kikundi cha kazi kiwe na karani wa wiki, kwa zamu. Kila Alhamisi mchana apitie wiki nzima, atoe maamuzi tu, ayaandike kwenye dokezo: tarehe, uamuzi, nani atekeleze, na neno "kwa sababu". Neno hilo ndilo linalopotea kwanza. Tunakuta barua inayosema kisima kisitumike kuanzia mwezi fulani, haisemi kwa nini. Anakuja mkuu mpya, anakifungua, na watu wanakunywa maji ya chumvi. Kazi hii ya karani huchukua kama saa moja kwa wiki. Ikizidi, anaandika mazungumzo badala ya maamuzi.

Kwenye mashine yenyewe itundikwe kadi ya Kiswahili, upande mmoja wa karatasi, imetiwa plastiki. Iwe na hatua zisizozidi tisa, dalili tatu za hatari na cha kufanya kwa kila moja, jina la wa kumuuliza, na tarehe ya mwisho kuhakikiwa. Kitabu cha Kiingereza kilichokuja na mashine kibaki kabatini kwa fundi mkuu. Kadi iliyopita mwaka bila kuhakikiwa ing'olewe. Kadi yenye makosa ni mbaya kuliko ukuta mtupu, kwa sababu inaaminiwa.

Baada ya kazi kubwa, iwe kampeni ya chanjo au mgao wa pembejeo, kaeni nusu saa kabla siku mbili hazijapita. Jeshi la Marekani limekuwa likifanya hivi katika mazoezi yake tangu miaka ya 1970, kwa maswali manne tu: tulitaka nini kiwe, kimekuwa nini, kwa nini vimetofautiana, mara ijayo tufanyeje. Penye wazee haliharibiki neno, na mimi nauamini msemo huo. Lakini mzee akianza kusema, vijana wote huitikia, na jambo alilolijua dereva peke yake linaondoka naye. Basi kila mtu aandike kwanza kwenye kijikaratasi, dakika tatu, bila jina. Vichanganywe, asome mmoja. Mkuu wa ofisi aseme mwisho. Adabu yote imebaki mahali pake, na hakuna mdogo aliyembishia mkubwa. Swali la "nani alikosea" lisiulizwe kabisa katika kikao hicho. Likiulizwa mara moja, kikao kinachofuata kitakuwa cha kupongezana.

Vikundi vya kuweka na kukopa vimetutangulia kwa jambo moja. Kabla ya kuondoka, salio lililomo sandukuni hutajwa kwa sauti na wanachama hulishika kichwani. Mkutano unaofuata huanza kwa kuulizwa lilikuwa kiasi gani. Daftari likiliwa na mchwa, wanawake 25 wanaijua namba. Ofisi ngapi hapa zinaweza kusema hivyo kuhusu jambo lao lolote kubwa?

Wavuvi nao. Ufungaji wa maeneo ya pweza kwa miezi michache ili wakue ulianza Andavadoaka, Madagascar, mwaka 2004, na njia hiyo imefuatwa hapa kwetu Kisiwa Panza. Mambo kama haya hayaenei kwa vipeperushi. Mvuvi humwamini mvuvi. Mkipanga ziara ya mafunzo, pelekeni watatu wa kijiji kimoja na mmoja wao awe yule anayepinga, waende siku ya kufungua eneo wakaone pweza wakipimwa kwenye mizani, na kwenye gari wawe wengi kuliko maofisa. Aliyekwenda peke yake akirudi huonekana msimulizi. Watatu wakirudi ni mashahidi.

Tumalizie kwa kazi. Mbele ya kila mmoja wenu kuna karatasi yenye jedwali. Kushoto andikeni kazi tano, tano tu, ambazo zikisimama siku kumi watu wataumia. Mkijaribu kuandika 60 hamtamaliza hata moja. Juu andikeni majina ya watumishi. Kwenye kila chumba cha jedwali tieni namba: 0 hajui, 1 ameiona, 2 anaifanya akisimamiwa, 3 anaifanya peke yake, 4 anaweza kufundisha. Msitie 3 kwa mtu ambaye hamjamwona akiifanya kwa macho yenu. Mstari wenye 3 au 4 moja tu, uzungushieni wino mwekundu, na pembeni yake andikeni mwaka ambao mtu huyo atatimiza miaka 60. Tuna dakika 25 kabla ya adhana ya Adhuhuri. Kalamu nyekundu zinapitishwa sasa kutoka mstari wa nyuma.